Sauti ya Marehemu: Anayeuza Ndiye Alete Ushahidi

Hotuba hii niliitoa Dar es Salaam mbele ya wanamuziki, maprodyuza, watangazaji wa redio na familia za wasanii waliotangulia mbele za haki. Naiweka hapa yote kwa walioshindwa kufika. Vipande vya nyimbo tulivyosikiliza ukumbini nimeviacha. Palipohitaji maelezo nimeeleza kwa maneno.

Wazee wetu, shikamooni. Mama zangu, wasanii, maprodyuza mliozima mitambo jioni ya kazi mkaja kukaa nami hapa, asanteni sana. Nawashukuru kwa namna ya pekee familia za wasanii waliotutoka. Kwenu jambo hili lina uzito mwingine, kwa sababu tunayemzungumzia ni mtoto wako, mumeo au dada yako, ambaye sauti yake bado inapigwa kwenye daladala ukiwa umekaa siti ya nyuma na wenzako hawajui wewe ni nani.

Mimi ni fundi mitambo. Nimeanzia redioni, nikahamia studio, na kazi yangu miaka yote ni kusikiliza watu wakiimba. Kwa hiyo sitazungumza kama mwanasheria wala kama msanii. Nitazungumza kama mtu anayekaa upande wa pili wa kioo.

Swali langu la leo ni hili. Mwimbaji amefariki. Mwaka mmoja baadaye, au kumi, au thelathini, wimbo unatoka kwa jina lake. Unausikiliza mara ya kwanza, unafurahi. Unausikiliza mara ya pili, unasita. Mara ya tatu unamgeukia mwenzako unamwambia: mbona kama siye? Sasa ndugu zangu, utamuuliza nani? Mwenye sauti yuko kaburini. Nani atasimama aseme "hii ni yangu"? Nani atasimama aseme "hapana, mimi sijaimba hivi"?

Nianze na kisa kikubwa kuliko vyote ninavyovijua, nami nitakaa nacho kwa muda.

Michael Jackson hahitaji utambulisho. Wakubwa waliopo hapa wanakumbuka Februari 1992 alipotua katika jiji hili, wakati wa Mzee Mwinyi. Alifariki Los Angeles tarehe 25 Juni 2009, akiwa na miaka 50. Machi 2010 wasimamizi wa mirathi yake walitia saini na kampuni ya Sony mkataba uliotajwa kuwa ungeweza kufikia dola milioni 250, wa kutoa kazi kadhaa. Desemba mwaka huohuo ikatoka albamu ya nyimbo ambazo karibu zote hazikuwahi kutolewa. Jina lake ni Michael, na ina nyimbo 10.

Katika nyimbo hizo 10, tatu zilikuwa na historia yake peke yake: "Breaking News", "Monster" na "Keep Your Head Up". Zilitoka kwa Eddie Cascio, wa familia ya New Jersey iliyokuwa rafiki wa Michael kwa miaka mingi, na mwenzake James Porte. Maelezo yao yalikuwa kwamba mwaka 2007 Michael alikaa nyumbani kwa kina Cascio, na kwamba humo, kwenye studio iliyokuwa chini ya nyumba, aliingiza sauti kwenye nyimbo zipatazo 12. Tatu kati ya hizo ndizo zilizochaguliwa.

Tarehe 8 Novemba 2010, kabla albamu haijatoka, "Breaking News" iliwekwa kwenye tovuti yake rasmi watu waisikilize. Mashaka hayakuchelewa. Na hayakutoka kwa watu wa mbali tu! Mama yake mzazi, Katherine, alitilia shaka. Dada yake La Toya alisema haisikiki kama yeye. Taryll, mtoto wa kaka yake, akaandika waziwazi kwamba ile si sauti ya baba yake mdogo. Wapenzi wa Michael, watu waliokulia na hedifoni masikioni, wakaanza kuchambua: mtetemo wa sauti unaenda kasi isiyo yake, maneno yanatamkwa sivyo, pumzi zinaonekana kama zimekatwa kwenye nyimbo zake za zamani zikabandikwa. Wengine wakamtaja mwimbaji wa Marekani ambaye sauti yake inafanana mno na ya Michael. Upande wa mwimbaji huyo ulikana, nami sina sababu ya kumtaja hapa.

Sony na wasimamizi wa mirathi walijibu. Wakili wa mirathi, Howard Weitzman, alieleza kwamba waliita watu waliofanya kazi na Michael studio, akiwemo fundi wake mkuu Bruce Swedien na prodyuza Teddy Riley, wakasikilizishwa sauti tupu bila vyombo, wakasema ni yeye. Wataalamu wawili wa kuchunguza sauti pia waliajiriwa, nao, kwa maelezo yake, wakasema ni yeye. Eddie Cascio akaenda kwenye kipindi cha Oprah akasema Michael aliimba pale nyumbani kwao, na yeye ndiye aliyekuwa akimrekodi.

Upande mmoja mama mzazi. Upande wa pili fundi aliyekaa naye studio tangu miaka ya sabini. Mama amemsikia akilia siku anazaliwa, na fundi amemsikia kwenye hedifoni maelfu ya saa. Nani ana sikio zuri zaidi? Mimi nawaambia: swali lenyewe ndilo bovu.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo ninapojua ninachosema. Prodyuza anapopokea sauti ya mwimbaji, haiachi ilivyo. Anaisukuma noti iliyoteleza irudi mahali pake. Anakata pumzi iliyozidi. Anaibana sauti ili mnong'ono na kelele vikaribiane. Anaiongeza ya pili na ya tatu pembeni iwe nene. Kila hatua inaondoa kitu kidogo, na kile kidogo ndicho ulichokuwa unamtambulia mtu. Teddy Riley alitoa maelezo ya namna hiyo: kwamba programu ya kurekebisha noti ndiyo iliyoifanya sauti isikike ya ajabu. Na kwa ufundi wenyewe, jambo hilo linawezekana kabisa. Naweza kuchukua sauti halali ya mtu aliyekaa hapa mbele nikaifanya mke wake aikane. Lakini kinyume chake pia kinawezekana! Naweza kuchukua sauti ya mwigaji hodari, nikaipitisha kwenye mashine zilezile, nikapachika pumzi na vikelele vya mwenyewe kutoka kwenye kazi zake za zamani, na nusu ya ukumbi huu ikaapa ni yeye.

Kwa hiyo sikio linatoa shaka, na shaka ni ya kuheshimiwa. Sikio la mama ni la kuheshimiwa zaidi. Lakini sikio halitoi hukumu. Si la shabiki, si la fundi, si la mtaalamu anayelipwa.

Kama sikio halitoshi, ni nini kinatosha?

Mabaki, ndugu zangu. Yale yanayobaki chini ya kioo baada ya wimbo kutoka. Michael alipokuwa akirekodi hakusimama kama mlingoti. Alicheza, alipiga miguu, alipiga vidole, na Bruce Swedien, badala ya kumkataza, alimwekea jukwaa dogo la mbao asimame juu yake, akaziacha zile sauti za miguu na vidole ziingie kwenye rekodi. Mtu wa namna hiyo akiimba nyimbo 12 anaacha uchafu mwingi nyuma yake. Anaacha teki zilizokosewa, yaani majaribio ya kurekodi yaliyoharibika, vicheko na maneno ya "tuanze tena". Ndiyo maana wenye mashaka waliuliza swali ambalo mimi kama fundi naliona zito kuliko mtetemo wote: ziko wapi teki zilizokosewa? Yako wapi mazungumzo ya katikati?

Mnaona ninakokwenda. Niwape kisa cha hapa kwetu, cha studio moja ambayo sitaitaja, na msanii ambaye familia yake haikuniomba nimtaje.

Kijana alifariki akiwa na nyimbo ambazo hazijamalizika. Miezi kadhaa baadaye prodyuza wake akamaliza moja, akapeleka kwa familia kabla ya kwenda redioni. Alifanya jambo la kiungwana, wengi hawafanyi. Mama wa marehemu akasikiliza mpaka mwisho, akasema huyu si mwanangu. Akaombwa asikilize tena, akakataa. Akasema mwanangu anaimba kwa puani kidogo, huyu hana pua. Familia ikagawanyika. Baba mdogo anasema ni yeye, dada zake wanasema siye, na maneno ya chini kwa chini yakaanza kwamba prodyuza amemtumia mtu mwingine ili apate hela. Niliitwa nisikilize. Nilisikiliza, na kwa kweli sikuweza kusema. Miksi ilikuwa imepikwa sana.

Bahati yetu, prodyuza alikuwa hajafuta projekti, yaani faili la kazi ambamo kila sauti na kila chombo viko peke yake. Tukaifungua mbele ya mama. Nikaondoa biti, nikaondoa mwangwi, nikaondoa kila kilichoongezwa, tukabaki na njia moja ya sauti tupu. Kabla ya ubeti wa pili kulikuwa na sekunde chache ambazo prodyuza alizizima lakini hakuzikata. Nikaziwasha. Tukamsikia kijana anakohoa, anasogeza kiti, anasema: "Rudisha nyuma kidogo kaka, nimeingia mapema." Halafu anaimba ubeti, kwa pua yake yote.

Mama hakuuliza tena. Aliomba sekunde zile zirudiwe, tukarudia, tukarudia.

Maprodyuza wenzangu, nisikilizeni kwa makini. Ni nini kilichoimaliza ile kesi ya familia? Si uzuri wa miksi yenu. Ni kikohozi. Ni kile mnachokifuta kila mwisho wa mwezi diski ikijaa! Mnabaki na faili moja ya mwisho, mnaona mmehifadhi kazi. Hamjahifadhi ushahidi. Siku mwenye sauti hayupo, faili la mwisho halithibitishi chochote, maana ndilo hasa linalotiliwa shaka.

Wazee wetu wa bendi hawakuwa na tatizo hili. Walipoingia studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ilikaa chumba kimoja, wakapiga pamoja, wakaimba pamoja, utepe ukazunguka. Waliokuwapo walikuwa wengi kiasi kwamba hakuna ambaye angeweza kuuliza nani aliimba. Sisi leo tunarekodi watu wawili chumbani usiku wa manane. Akifariki mmoja, anabaki shahidi mmoja tu, na huyo ndiye anayeuza.

Nirudi California, kwa sababu kisa cha Michael hakikuishia kwenye mabishano. Mwaka 2014 mama mmoja, shabiki wa Michael, mwananchi wa kawaida aliyeinunua albamu kwa fedha zake, alifungua kesi kwa niaba yake na wanunuzi wengine. Aliwashtaki Sony, mirathi, Cascio, Porte na kampuni yao. Alimwajiri mtaalamu wa sauti, George Papcun, ambaye aliandika ripoti ya kurasa 41 akihitimisha kwamba kwa uwezekano mkubwa aliyeimba siye Michael. Kwa hiyo sasa tuna wataalamu pande zote mbili. Nilishawaambia kuhusu masikio.

Lakini kilichonivutia mimi kwenye kesi ile si ripoti. Ni maandishi ya jalada. Nyuma ya albamu ile paliandikwa kwamba ina nyimbo 9 ambazo hazikuwahi kutolewa, zikiwa na sauti ya Michael Jackson. Mama yule alisema: mimi nilinunua kwa sababu ya maneno haya. Na upande wa pili wakajenga utetezi wao kwenye uhuru wa kusema, kwamba wao hawakuwapo kwenye nyumba ile mwaka 2007, hawana njia ya kujua kwa uhakika nani aliimba, kwa hiyo maneno ya jalada yahesabiwe kama mtu anayetoa maoni kwenye mjadala wa watu, yalindwe na katiba.

Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikawakubalia Sony na mirathi. Habari iliyozagaa wakati ule mitandaoni, mpaka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, ilikuwa kwamba Sony wamekiri kuuza sauti bandia. Hawakukiri. Kwa ajili ya hoja ya kisheria tu, mawakili walisema tuchukulie kwamba siyo Michael, je, tungewajibika? Kuchukulia si kukiri. Nalisema hili kwa sababu anayetetea ukweli wa sauti hawezi kueneza uongo kuhusu kesi.

Mama yule hakukata tamaa. Akaenda Mahakama ya Juu ya California, na tarehe 18 Agosti 2022 mahakama ile ikageuza uamuzi. Ikasema maneno yaliyoandikwa kwenye jalada ili watu wanunue ni maneno ya biashara. Muuzaji hawezi kujificha nyuma ya "sikujua". Kama hujui, usiandike kama unayejua. Mimi si mwanasheria, lakini natamani maneno hayo yabandikwe kwenye ukuta wa kila studio, Sinza mpaka Mwanza.

Fikirini mnavyonunua kiwanja. Anakuja mtu, anasema hiki ni changu, nipe milioni. Unamwambia lete hati. Akikujibu "wewe thibitisha kwamba si changu", utampa hela? Utaondoka. Kwenye muziki wa marehemu tumekubali kinyume chake. Muuzaji anakaa kimya, anamwachia mama wa marehemu na mashabiki kazi ya kuthibitisha kwamba siyo. Wathibitishe kwa kipi? Diski iko kwake. Projekti iko kwake. Tarehe ziko kwake!

Na mwisho wa kisa? Uamuzi ule ulipotoka, pande zilikuwa zimekwisha kupatana, na mapema Julai 2022 nyimbo zile tatu zilikuwa zimeondolewa kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki. Waliziondoa wakisema haihusiani na uhalisi wa sauti, wanataka tu mjadala ule upite. Kwa hiyo mpaka leo hakuna mahakama iliyosema nani aliimba. Miaka 12 tangu wimbo wa kwanza usikike, mawakili wamelipwa, mtu ameondoka na jina lake lina doa kwenye nyimbo tatu ambazo hawezi kuzikana wala kuzitetea. Kama aliimba yeye, amedhulumiwa, maana watu wameikana sauti yake. Kama hakuimba, amedhulumiwa zaidi.

Sasa kuna wenzetu wanasema: basi tuache kabisa. Marehemu apumzike, kazi ambazo hakuzimaliza zisitoke. Nawaelewa. will.i.am, aliyefanya kazi na Michael, alisema hadharani kwamba kutoa kazi ambazo mwenyewe hakuzikamilisha ni kumkosea heshima. Lakini mimi sikubaliani nao moja kwa moja.

Ni nani hapa ambaye Krismasi ya nyumbani kwao haikuwa na Jim Reeves? Naona mikono ya wazee. Jim Reeves alikufa kwenye ajali ya ndege Julai 1964, karibu na Nashville. Wengi wetu tumezaliwa akiwa ameshakufa! Kampuni yake iliendelea kutoa rekodi zake kwa miaka mingi, mke wake Mary akisimamia, na mara nyingine sauti ile ikavalishwa vyombo vipya. Mwaka 1981 wakafika mbali zaidi: walichukua sauti yake na sauti ya Patsy Cline, ambaye naye alikufa kwa ajali ya ndege Machi 1963, wakaziunganisha zikawa wimbo mmoja wa watu wawili. Marehemu wawili wanaimba pamoja. Unaweza kupenda, unaweza kuchukia. Mimi kwa masikio yangu naona sauti zile zilikuwa zimetulia zaidi kila moja peke yake. Lakini hakuna aliyeuliza kama ni wao, kwa sababu wote wawili walikwisha kufa, kila mtu alijua, na sauti zilitoka kwenye rekodi zao ambazo tarehe zake zinajulikana. Ladha ni jambo moja. Uongo ni jambo jingine.

Mfano mzuri kuliko wote kwangu ni wa Beatles, bendi ya Uingereza ya kina John Lennon, Paul McCartney na George Harrison. Miaka ya sabini mwishoni John Lennon alikaa kwenye piano nyumbani kwake New York akarekodi wimbo kwenye kaseti. Aliuawa Desemba 1980. Mwaka 1994 mjane wake, Yoko Ono, akampa Paul McCartney kanda hizo. Wenzake walijaribu mwaka 1995 wakashindwa, kwa sababu piano ilikuwa imeifunika sauti na kaseti ilikuwa na mvumo. Ikakaa. Teknolojia ilipofika mahali ambapo kompyuta inaweza kutenganisha sauti ya mtu na chombo kilichorekodiwa pamoja naye, wakairudia, wakitumia pia gitaa alilolipiga George Harrison mwaka ule wa 1995 kabla hajafariki 2001. Wimbo "Now and Then" ukatoka Novemba 2023.

Sikilizeni walichofanya. Juni mwaka ule Paul alipotaja redioni kwamba akili mnemba imetumika, watu walishtuka wakidhani sauti imetengenezwa. Akajitokeza kufafanua: hakuna kilichobuniwa, sauti ni ya John, mashine imesafisha tu. Na siku moja kabla ya wimbo kutoka wakatoa filamu fupi inayoonyesha kaseti ilitoka wapi, nani aliitunza, ilisikikaje kabla na ikasikikaje baada. Walikuja na hati ya kiwanja mkononi kabla hujaiuliza! Unaweza kusema wimbo ni wa kawaida. Huwezi kusema siye Lennon.

Mashine ni ileile, ndugu zangu. Tofauti ni kwamba hawa walionyesha kaseti.

Na tusipojizoeza kudai hiyo kaseti sasa hivi, tumekwisha. Kwa sababu mwaka 2010, kumwiga Michael kulihitaji mwimbaji wa kweli mwenye kipaji. Leo hakuhitaji mwimbaji. Aprili 2024, rapa Drake alitoa wimbo wenye ubeti wa Tupac. Tupac aliyepigwa risasi Las Vegas akafariki Septemba 1996, huyuhuyu aliyechorwa kwenye matatu na daladala zetu. Ubeti ule Tupac hakuuandika, hakuuimba, hakuujua. Ulitengenezwa na kompyuta kwa mfano wa sauti yake. Wasimamizi wa mirathi yake wakaandika barua ya kisheria, na ndani ya siku chache wimbo ukaondolewa. Jimbo la Tennessee, palipo na Nashville, mwezi mmoja kabla lilikuwa limepitisha sheria inayolinda sauti ya mtu isiigwe na mashine bila ruhusa, ikaanza kazi Julai 2024.

Lakini Tupac ana mawakili. Blaze Foley je? Huyu alikuwa mtunzi wa Texas, hakuwa tajiri, aliuawa kwa risasi mwaka 1989. Julai 2025 kwenye ukurasa wake rasmi wa Spotify ukaonekana wimbo mpya wenye jina lake, uliotengenezwa na mashine, ambao hakuna mtu wa upande wake aliyeupeleka. Haukusikika hata kama yeye! Ulikuja kuondolewa baada ya kelele. Jiulizeni: kama linafanyika kwenye ukurasa wa mtu ambaye kuna watu wanaoulinda, nani anaangalia ukurasa wa marehemu wetu wa Tabora, wa Kigoma, wa Pemba, ambaye familia yake haijui hata nenosiri?

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999. Inampa mtunzi ulinzi mpaka miaka 50 baada ya kufa kwake, na hilo ni jambo jema. Lakini iliandikwa wakati ambapo hakuna aliyewaza kwamba sauti yenyewe inaweza kuzalishwa bila koo. COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki nchini, wana kazi hapo, na wabunge wana kazi. Mimi sitasubiri wao ndipo nianze, na ninawaomba ninyi pia msisubiri.

Maprodyuza: msifute teki. Diski sasa hivi si ghali kama jina la mtu. Kila anapoingiza sauti msanii, mwache atamke jina lake, tarehe na jina la wimbo kabla hajaanza, na kipande hicho msikizime wala msikikate. Projekti iwe na nakala mbili, moja kwenu, moja kwa msanii au mtu aliyemchagua.

Wasanii: andikeni mkiwa hai. Andika kazi zipi ambazo hazijaisha unaruhusu zimaliziwe, na nani azimalize. Andika kama unakubali au unakataa sauti yako ifundishiwe mashine. Ukikataa, kataa kwa maandishi. Najua kwetu kuzungumza kifo chako mwenyewe kunaonekana uchuro. Semeni hivyohivyo.

Watangazaji, nanyi siwaachi. Ukiletewa wimbo mpya wa marehemu, uliza maswali matatu kabla hujaupiga: sauti ilirekodiwa lini, na nani, na mabaki yako wapi? Akisema hajui, usitangaze hewani kwamba ni yake. Sema umeletewa, sema aliyekuletea, uachie hapo. Na jalada liseme vilevile: sauti ni ya mwaka fulani, biti ni ya mwaka huu, kiitikio kaimba mdogo wake. Hakuna msikilizaji atakayekasirika kwa kuambiwa hivyo.

Familia, msikubali kuletewa wimbo uliokwisha kuiva na bahasha juu yake. Ombeni sauti tupu. Mna haki ya kuisikia kabla ya nchi nzima. Na kama mama akisema siye, kazi isimame mpaka projekti ifunguliwe mbele yake.

Nimeandaa karatasi ya ukurasa mmoja ambayo msanii na prodyuza wanaweza kuijaza na kuisaini siku ya kurekodi: jina, tarehe, studio, waliokuwapo, nakala iko wapi, na ruhusa au katazo la baada ya kifo. Nakala ziko kwenye meza ya pale karibu na mlango, chukueni na za kuwapelekea wenzenu. Wanasheria mliopo hapa, naomba mnisaidie kuisahihisha kifungu cha ruhusa, kwa sababu hapo nimeandika kama fundi. Sasa maiki ianze kuzunguka. Nimeona mkono wa mama yule wa mstari wa tatu tangu nilipotaja redio. Karibu mama, wewe ndiye wa kwanza.